Skrubu za Uti wa Mgongo na Bei ya Rufaa: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha California

Kisa hiki ni cha California, Marekani, katika mfumo wa fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini. Majina ya watu, ya hospitali na ya kampuni yameondolewa. Wahusika wakuu wanaitwa humu Mmiliki, Seneta na Ofisa wa Fedha. Namba za vifungu, miaka na viasi vya fedha vimeachwa kama vilivyo, kwa kuwa somo lenyewe limo humo. Sheria inayopanga bei ya matibabu na sheria inayokataza kununua rufaa za wagonjwa huandikwa na watu tofauti na kusimamiwa na ofisi tofauti. Katika kisa hiki ya kwanza ndiyo iliyotoa fedha za kuvunjia ya pili.

Usuli

Mfanyakazi akiumia kazini California, mwajiri hubeba gharama yote ya tiba inayohitajika, ama kupitia kampuni ya bima ama kwa mfuko wake mwenyewe akiwa na kibali cha kujidhamini. Mgonjwa hachangii kitu, na ankara ya hospitali haipiti mikononi mwake. Kwake ni nafuu kubwa. Lakini ina maana pia kwamba mtu aliyelala juu ya meza ya upasuaji hajui vyuma alivyowekewa mgongoni vimeuzwa kwa bei gani, na hana sababu ya kuuliza.

Bei hupangwa na jimbo kwa jedwali rasmi la ada. Kwa wagonjwa waliolazwa, jedwali hilo hufuata malipo ya Medicare, bima ya serikali kuu kwa wazee, na kuyazidisha kwa 1.20. Medicare hailipi kitu kimoja kimoja. Hulipa fungu moja kwa kila kulazwa, kulingana na aina ya ugonjwa na upasuaji, na ndani ya fungu hilo mna kitanda, wauguzi, chumba cha upasuaji, dawa na vipandikizi. Hospitali ikinunua skrubu kwa bei nafuu, faida ni yake. Ikinunua ghali, hasara ni yake. 

Kwenye upasuaji mgumu wa uti wa mgongo jimbo liliweka hali ya pekee. Kifungu cha 5318 cha Sheria ya Kazi, kilichotokana na mageuzi ya mwaka 2003, kiliagiza kwamba vipandikizi na vyuma vya upasuaji huo vilipwe kando, nje ya fungu, kwa gharama ambayo hospitali imelipa na inaweza kuithibitisha kwa hati, pamoja na nyongeza ya asilimia 10 isiyozidi dola 250, kodi ya mauzo na usafirishaji. Hoja yake ilikuwa kwamba vyuma vya mgongo hutofautiana mno kwa bei, na hospitali zingeweza kuwakataa wafanyakazi walioumia endapo fungu lisingetosha. Hoja hiyo si ya kupuuza. Tatizo ni kwamba bei ya Medicare ilikwisha kuvihesabu vyuma vilevile, na hesabu hiyo ikazidishwa kwa 1.20. Vyuma vikawa vinalipiwa mara mbili: mara ya kwanza ndani ya fungu, mara ya pili kwa ankara.

Upande wa rufaa, sheria zilikuwepo tangu miaka ya 1990. Kifungu cha 139.3 cha Sheria hiyohiyo ya Kazi kinamkataza daktari kumpeleka mgonjwa wa fidia kwenye huduma fulani, zikiwemo picha za uchunguzi, maabara, tiba ya viungo na upasuaji wa kwenda na kurudi, ikiwa yeye au familia yake wana maslahi ya kifedha huko. Kifungu cha 3215 ni kipana zaidi: kutoa au kupokea chochote kama ujira wa kuelekeza mgonjwa ni kosa la jinai. Sheria ya serikali kuu iitwayo Stark, ambayo ndiyo hutajwa zaidi katika mada hii, haikugusa kisa hiki, maana yenyewe ni ya wagonjwa wa Medicare na wa bima ya watu wa kipato cha chini. Mfanyakazi aliyeanguka kwenye ghala la mwajiri binafsi yuko chini ya sheria ya jimbo.

Mtiririko wa matukio

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Mmiliki wa hospitali moja ya kusini mwa California alikuwa akiwalipa madaktari, matabibu wa kunyoosha mgongo kwa mikono na madalali wa wagonjwa ili upasuaji wa mgongo ufanyikie kwake. Bei ilijulikana: kwa kawaida dola 15,000 kwa kila upasuaji wa kuunganisha pingili za kiuno na dola 10,000 kwa kila upasuaji wa pingili za shingo. Wagonjwa waliopelekwa huko kwa miaka yote hiyo walikuwa maelfu. Baadhi yao waliishi mamia ya kilomita kutoka hospitalini na walikuwa na hospitali nyingine zenye sifa karibu na nyumbani. Hawakuambiwa kwamba aliyewaelekeza alikuwa amelipwa.

Fedha hizo zilitengenezwa na ankara za vyuma. Mmiliki alidhibiti kampuni zilizokaa katikati ya kiwanda na hospitali. Kampuni ya kati ilinunua vyuma kwa bei ya soko na kuiuzia hospitali kwa bei iliyopandishwa mno. Hospitali ililipa kweli, na cheki ikaonekana benki. Kisha ikaipelekea bima ankara hiyo ikiwa ni gharama iliyolipwa na kuthibitishwa kwa hati, neno kwa neno kama sheria ilivyotaka.

Tuifanye hesabu. Hapa dola 250 na dola 15,000 ndizo za kisa chenyewe. Nyingine ni za mfano. Upasuaji wa kuunganisha pingili mbili za kiuno huhitaji, kwa kawaida, skrubu nne, fito mbili, vifungio vinne vya kubana fito kwenye skrubu, na kizimba kimoja kinachokaa mahali pa diski iliyotolewa. Tuseme kiwanda kinauza seti hiyo kwa dola 9,000. Kampuni ya kati inaandika ankara ya dola 30,000. Hospitali inalipa, kisha inaidai bima dola 30,250 na kodi juu yake. Kati ya kiwanda na hospitali zimezaliwa dola 21,000. Dola 15,000 zinakwenda kwa mtoa rufaa, dola 6,000 zinabaki kwenye kampuni ya kati. Hospitali nayo bado inapokea fungu lake lote la Medicare mara 1.20, ambamo vyuma vilikwisha kulipiwa.

Mtu hawezi kuandika cheki na kuiita "malipo ya rufaa". Kwa hiyo iliandikwa mikataba hewa. Mmoja ulimlipa daktari kwa haki ya kununua kliniki yake siku za usoni, ununuzi ambao haukutarajiwa kufanyika. Mwingine ulikuwa wa pango la ofisi, mwingine wa ushauri, mwingine wa kutafuta wateja, mwingine wa kukusanya madeni ya daktari. Kila mmoja ulikuwa na sahihi, tarehe na kiasi cha mwezi. Kilichokosekana ni uhusiano kati ya kiasi hicho na kazi iliyotajwa, kwani malipo yalifuata idadi ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji.

Mwanya wa 5318 haukuwa siri. Wachambuzi wa gharama za fidia walikuwa wakieleza kwa miaka kwamba vyuma vinalipiwa mara mbili, na hoja ya kuufuta ikaanza kusogea bungeni. Mmiliki akamtafuta Seneta wa jimbo ili kifungu kibaki, au angalau mabadiliko yacheleweshwe. Sehemu ya hongo ilipita kwa mtoto wa Seneta, mwanafunzi wa chuo, aliyeajiriwa katika kampuni ya Mmiliki kupanga mafaili wakati wa kiangazi. Alilipwa dola 10,000 kwa kila kiangazi, kwa viangazi vitatu, na kazi yenyewe ilikuwa kama siku 15 kwa msimu. Kuna pia safari za ndege binafsi, michezo ya gofu na chakula katika mikahawa ya bei.

Septemba 2012 gavana alisaini muswada SB 863 (SB ni muswada ulioanzia Seneti ya jimbo), mageuzi makubwa ya mfumo wa fidia. Pamoja na mambo mengine mengi, ulifuta malipo ya kando ya vyuma vya mgongo kuanzia Januari 1, 2013. Aprili 2013 wapelelezi wa serikali kuu walipekua hospitali. Juni mwaka huohuo walipekua ofisi ya Seneta. Kabla mwaka haujaisha hospitali ilikuwa imeuzwa kwa kampuni nyingine.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza wa kuangaliwa ni wa watunga sheria wa 2003. Walijua hatari ya bei kupandishwa, na ndiyo sababu wakaweka kikomo cha dola 250. Lakini kikomo hicho kilikaa juu ya nyongeza ya hospitali, si juu ya bei ya msingi. Asilimia 10 inafikia dola 250 ankara ikiwa ya dola 2,500 tu. Kuanzia hapo hospitali haipati zaidi hata ankara ikiwa mara kumi. Aliyeandika kifungu aliona hospitali haina sababu ya kutafuta ankara kubwa. Hakumwona mtu mwenye hospitali na muuzaji kwa pamoja. Faida iliyozuiwa mlango wa hospitali ilihamia nyumba ya pili, nayo ilikuwa ya mtu yuleyule.

Uamuzi wa Mmiliki wa kuweka kampuni katikati unaeleweka kwa mantiki hiyo. Angeweza kudanganya moja kwa moja kwa kudai skrubu sita mahali zilipotumika nne, lakini udanganyifu huo hugunduliwa kwa picha ya eksirei: mkaguzi anahesabu skrubu na mambo yamekwisha. Ankara ya kampuni ya kati haikuwa na kosa la kuhesabu. Bidhaa ilikuwepo mgongoni mwa mgonjwa, bei iliyoandikwa ndiyo iliyolipwa, na jina la muuzaji halikufanana na la hospitali. Uongo ulikuwa katika umiliki, na fomu ya madai haikuwa na sehemu ya kuuliza umiliki.

Bima nazo zilifanya uamuzi wao, nao ni wa kawaida katika mfumo ule. Ankara kubwa ikipingwa, mtoa huduma hubandika dai lake kwenye shauri la mgonjwa katika baraza la mashauri ya fidia, kisha anasubiri. Katika miaka michache kabla ya 2013 kubandika dai hilo hakukuwa na ada, na madai yalirundikana kwa wingi. Kupigana juu ya kila ankara kulihitaji wakili, shahidi wa bei na miaka. Mara nyingi suluhu ilikuwa nafuu kuliko kesi, hata kwa mwenye bima aliyenusa jambo. Kila suluhu ilimpa Mmiliki ushahidi kwamba bei zake "zinakubalika".

Kwa waendesha mashitaka swali lilikuwa: ni sheria ipi inabeba uzito? Makosa ya rufaa yalikuwa ya jimbo. Wao walikuwa wa serikali kuu. Walitumia makosa ya ulaghai kwa njia ya posta na ya kumnyima mgonjwa utumishi mwaminifu wa daktari wake, pamoja na sheria ya zamani inayofanya kosa la rushwa la jimbo kuwa kosa la serikali kuu pale njia za mawasiliano au za usafiri baina ya majimbo zinapotumika kulitenda. Kisha kulikuwa na wafanyakazi wa serikali kuu walioumia na kutibiwa hospitalini humo. Tiba yao hulipwa na Wizara ya Kazi ya Marekani, na hilo lilifungua mlango wa sheria kali dhidi ya hongo katika mipango ya afya ya serikali kuu. Bila wagonjwa hao kesi ingekuwa na mguu mmoja pungufu.

Uamuzi wa mwisho ni wa bunge la 2012: kufuta, badala ya kukagua. Lingeweza kuacha malipo ya kando na kudai ankara ya kiwanda. Lilichagua kurudisha vyuma ndani ya fungu, huku likiiachia mamlaka ya jimbo nafasi ya kuongeza kiasi maalumu, kisichotegemea ankara, kwa baadhi ya upasuaji mgumu katika kipindi cha mpito. Kwa maoni yetu huu ndio uamuzi bora kuliko yote katika kisa kizima, na sababu zake zimo katika uchambuzi hapa chini.

Matokeo

Februari 2014 Mmiliki alikubali kukiri makosa ya kula njama na kulipa hongo. Hati za mashitaka zilieleza kwamba katika miaka mitano ya mwisho peke yake, madai ya zaidi ya dola milioni 500 yalipelekwa kwa walipaji. Novemba 2015 yalitangazwa mashitaka dhidi ya wengine, wakiwemo Ofisa wa Fedha wa zamani wa hospitali, madaktari wa upasuaji, tabibu wa kunyoosha mgongo na dalali. Seneta alikiri kosa mwaka 2016 na Oktoba mwaka huo akahukumiwa miezi 42 jela. Mashitaka yake yalihusu pia hongo nyingine isiyo na uhusiano na hospitali. Mmiliki alihukumiwa miezi 63, Januari 2018. Daktari mmoja wa upasuaji, aliyekiri kupokea angalau dola milioni 5, alipata miezi 30 mwaka 2019. Rufaa na upasuaji wake vilihusishwa na madai ya takriban dola milioni 142, ambayo hospitali ililipwa kama dola milioni 56.

Linganisha namba hizo mbili za mwisho. Walipaji walikuwa wanakata, kwa wastani, asilimia 60 hivi ya madai, na bado mpango uliendelea kuwa na faida kwa miaka mingi. Mkato wa ankara haukuugusa mzizi. Ukiwa na ankara unayoiandika mwenyewe, mkato unajazwa mapema kwenye bei.

Mwaka 2016 bunge lilipitisha sheria mbili zilizoanza kazi Januari 2017. AB 1244 (AB ni muswada ulioanzia baraza la chini la bunge la jimbo) inamwondoa katika mfumo wa fidia mtoa huduma aliyetiwa hatiani kwa ulaghai. SB 1160 inasimamisha moja kwa moja madai yaliyobandikwa na mtoa huduma aliyeshitakiwa kwa ulaghai wa aina hiyo, hadi kesi yake iishe. Kabla ya hapo daktari aliweza kuwa kizimbani asubuhi huku mawakili wake wakiendelea kudai ankara zake katika baraza la mashauri.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Kila kizuizi kilikuwa kinauliza swali sahihi, lakini la kwake tu. Tangu mageuzi ya 2003 na 2004 bima zilitakiwa kupitia maombi ya tiba kwa miongozo ya kitabibu, na kwa upasuaji wa mgongo kulikuwa na utaratibu wa pekee ambapo mwajiri aliweza kupinga ndani ya siku 10 na kudai maoni ya daktari wa pili. Taratibu hizo ziliuliza: je, mgonjwa huyu anahitaji upasuaji? Wengi wao walikuwa na maumivu ya kweli na picha zenye kasoro za kweli. Jibu la "ndiyo" lilipatikana, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza kwa nini mtu wa mbali afanyiwe upasuaji kwenye hospitali ileile moja. Mkaguzi wa ankara naye aliuliza: je, kiasi kinachodaiwa kinalingana na hati ya manunuzi? Kililingana. Daktari wa mapitio hakuona ankara, mkaguzi wa ankara hakuona ramani, na mwanasheria wa masuala ya kununua rufaa za wagonjwa hakuona vyote viwili.

Kifungu cha 139.3 kilikosa shabaha kwa sababu kimejengwa juu ya maslahi ya kifedha mahali mgonjwa anapopelekwa, na kwa huduma zilizotajwa. Upasuaji wa kulazwa haukuwa lengo lake kuu, na daktari hakuhitaji hisa hospitalini. Alikuwa na mkataba wa pango. Kifungu cha 3215 kingemkamata, lakini kinadai uthibitishe kwamba malipo ni ujira wa rufaa. Hapo mkataba hewa unafanya kazi yake: unampa mtuhumiwa sentensi ya kusema. "Nililipwa kwa ushauri." Ili kuivunja sentensi hiyo unahitaji ama mtu wa ndani ama jedwali la ndani linaloweka malipo kando ya idadi ya upasuaji. Vitu hivyo hupatikana kwa hati ya upekuzi, na mkaguzi wa kampuni ya bima hana hati ya upekuzi.

Kuna kosa lingine ambalo halisemwi sana. Neno "gharama iliyothibitishwa kwa hati" lina sura ya udhibiti. Ukilisoma haraka unaona uwajibikaji: leta risiti, ulipwe ulichotumia. Lakini malipo ya namna hiyo yanamwondoa kwenye meza mtu pekee mwenye uwezo wa kubishana na muuzaji. Hospitali yenye fungu moja inapiga simu tatu kabla ya kununua skrubu. Hospitali inayorudishiwa kila senti haipigi hata moja, hata kama mwenye nayo ni mtu safi. Mmiliki wa kisa hiki aliutumia mwanya kwa jinai. Wengine waliutumia kwa uvivu tu, na mwajiri akalipa vilevile kupitia ada ya bima.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kufutwa kwa malipo ya kando kulikausha chanzo cha fedha bila kumtia hatiani mtu yeyote. Ni tofauti kubwa. Mashitaka yalichukua miaka na yalimfikia mtu mmoja mmoja. Mabadiliko ya bei yalianza kazi siku moja, kwa hospitali zote. Kuanzia Januari 1, 2013 ankara ya dola 30,000 haikuwa na mahali pa kwenda. Anayetaka kununua rufaa kwa dola 15,000 ilimbidi azitoe ndani ya fungu, yaani kwenye faida yake halisi, na kwa upasuaji mwingi hesabu hiyo haikubali.

Fungu nalo lina dhambi zake. Hospitali inayolipwa kiasi kilekile inaweza kuwakwepa wagonjwa wenye migongo migumu, au kumchagulia mgonjwa chuma cha bei ndogo. Nyongeza ya mpito ililenga hatari hiyo. Ubora wake ni kwamba ilikuwa kiasi kilichopangwa mapema: muuzaji hakuweza kuipandisha kwa kuandika ankara.

SB 863 iligusa pia ada za kubandika madai, dola 150 kwa dai jipya na dola 100 kuliamsha la zamani, na ikaweka muda wa mwisho wa kuyaleta: miezi 18 tangu siku ya huduma kwa huduma za kuanzia Julai 2013. Malipo ya vituo vya upasuaji wa kwenda na kurudi yalishushwa kutoka asilimia 120 hadi asilimia 80 ya kile Medicare inacholipa hospitali kwa upasuaji huo. Utaratibu wa daktari wa pili wa mgongo ulifutwa, na mahali pake pakawekwa mapitio ya daktari huru ambaye jina lake hawalijui mgonjwa wala bima. Kwa kisa hiki hilo la mwisho halikubadilisha kitu kikubwa, maana swali lilibaki la kitabibu.

Fedha za namna hii huhama. Wakati mwanya wa vyuma ukikaribia kufungwa, jimbo lilikuwa tayari linapambana na dawa za kupaka zinazochanganywa kwa ajili ya mgonjwa mmoja mmoja, zilizokuwa zikilipwa kwa bei zisizo na dari. AB 378 ya mwaka 2011 ilifanya mambo mawili kwa mkupuo: iliweka kanuni ya bei kwa dawa hizo na ikaziingiza dawa kwenye orodha ya 139.3. Bei na rufaa ziliguswa katika sheria moja. Tunaitaja kwa sababu namna hiyo ndiyo iliyokosekana kwa vyuma vya mgongo mwaka 2003.

Mambo ya kukagua

Kwa mkaguzi wa ankara za vipandikizi popote penye malipo ya "gharama halisi", hati ya kudai ni ile ya kiwanda, si ya msambazaji. Namba ya katalogi na namba ya toleo za skrubu na vizimba huwekwa kwenye faili la upasuaji, mara nyingi kwa lebo zinazobandikwa humo. Chukua namba hizo, zilinganishe na ankara, kisha uliza kiwanda au hospitali nyingine bei ya namba hiyohiyo. Ukikuta namba za lebo hazimo kwenye ankara, au ankara inasema tu "seti ya kiuno" bila kutaja vipande, simamisha malipo.

Tafuta usajili wa kampuni iliyouza. Angalia wakurugenzi, anwani, tarehe ya kuanzishwa na wateja wake. Msambazaji mwenye mteja mmoja, mwenye anwani inayofanana na ya wakala wa hospitali, huhitaji kumjua zaidi ili kuanza kuuliza. Ungana na mtu wa mapitio ya tiba na muandae pamoja jedwali lenye safu nne: daktari aliyetoa rufaa, hospitali, umbali kutoka nyumbani kwa mgonjwa, na gharama ya vyuma kwa kila ngazi ya pingili. Daktari ambaye wagonjwa wake wote wanapita hospitali tatu ili wafike ya nne anajitokeza ndani ya dakika chache.

Kwa anayeandika sheria au mkataba wa bima ambamo malipo ya kando hayaepukiki, kikomo kiwekwe kwenye bei ya msingi kwa kila aina ya kipande, baada ya kutoa punguzo lolote lililopatikana. Muuzaji anayedhibitiwa na mnunuzi, kwa njia yoyote, alipwe si zaidi ya alichokilipa kiwandani. Tamko la umiliki lisainiwe chini ya kiapo na liambatane na kila dai, ili uongo juu yake uwe kosa peke yake bila kusubiri kuthibitisha rufaa.

Kwa mikataba ya madaktari, kipimo cha kwanza ni kulinganisha malipo ya miezi 12 na idadi ya wagonjwa wa miezi hiyohiyo. Pango la kweli halibadiliki wagonjwa wakipungua, na mshauri wa kweli ana ripoti, barua pepe au kumbukumbu za vikao vya kuonyesha. Haki ya kununua kliniki inayolipiwa kila mwezi kwa miaka bila mtu yeyote kuomba hesabu za kliniki hiyo ikaguliwe kwanza kabla ya mikataba mingine yote.